Baba, Choroko Zetu Zimeozea Majini

Baba yangu,

Shikamoo. Najua haitarudi marahaba, lakini ndivyo ulivyotulea: hata mtu awe amekuja na habari za nyumba kuungua, kwanza aamkie. Basi nimekuamkia.

Nakuandikia nikiwa ofisini Shinyanga, mchana, mvua inapiga bati mpaka wenzangu wameacha kuzungumza kwa sababu hawasikiani. Nimesukuma karatasi za kazi kando. Barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani tangu nilipotoka nyumbani mwezi wa kwanza, na kila nikilikaribia jambo lenyewe nakatisha. Leo nitajaribu kulifikia. Mama atakuwa amekwisha kukueleza ya kwake, maana kila Jumapili akitoka kanisani hupita kaburini kwako kung'oa majani, na najua hang'oi majani kimyakimya, yule. Lakini lipo moja ambalo hata yeye halijui, na nisipokuambia wewe sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuwa darasa la pili, uliponikuta nimechuchumaa kwenye shamba la juu nafukua choroko? Mlikuwa mmepanda juzi yake, wewe na Mama, na mimi kusubiri kulinishinda. Kila asubuhi kabla ya shule nilifukua mashimo mawili matatu nione mbegu zimefikia wapi, kisha nazifukia na kushindilia kwa kisigino ili usijue. Siku ya tatu ukanikuta. Nikajikunja nikingoja fimbo. Badala yake ukachuchumaa na wewe, ukaitazama mbegu iliyokuwa kiganjani mwangu. Ilikuwa imevimba, ngozi imepasuka upande mmoja, na kijimzizi cheupe kimechungulia.

"Hii inapumua," ukaniambia. "Ukiishindilia udongo, au ukayaacha maji yaikalie, unaiziba pua. Mbegu haifi kwa kiu tu, ng'wanawane, mwanangu. Inakufa hata kwa kunyweshwa."

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu aliweka maharage kwenye chupa mbili za kioo, moja ina mchanga wenye unyevu, nyingine imejazwa maji mpaka juu. Baada ya siku nne, mbegu za kwenye mchanga zilikuwa zimeota, za kwenye maji zinanuka. Akauliza kwa nini. Nikanyoosha mkono nikasema, zimezibwa pua. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema ndivyo hasa, mbegu inayoamka inahitaji hewa kuliko wakati mwingine wowote, na akaandika ubaoni neno oksijeni. Jioni nilikupigia simu nikueleze. Ukauliza, "Kwa hiyo mmesafiri wote huko kujifunza hilo?" Ukacheka mpaka ukaanza kukohoa.

Niliporudi na cheti, ukanitembeza kijiji kizima ukisema, "Huyu ndiye bwana shamba wangu." Watu wakikusahihisha kwamba mwanamke ni bibi shamba, unakataa. Ulisema bwana shamba ndiye anayesikilizwa. Baba, siku hizi wananisikiliza. Ndilo linaloniumiza.

Ulikuwa na sheria yako moja ya mashamba yetu mawili, na uliirudia kila msimu kana kwamba sisi ni wageni: "Juu, mvua za kwanza. Chini, mvua za mwisho." Juu kwenye kichanga tulipanda choroko, karanga na njugumawe mvua zikianza tu. Chini kwenye mbuga, kwenye ule udongo mweusi unaoshika kiatu ukabaki nacho, hukugusa kitu mpaka mvua zinaaga, ndipo ukapanda dengu zikue kwa unyevu uliobaki. Na katikati ya mashamba hayo ulichimba mfereji wako, unaopokea maji yanayoteremka na kuyapeleka korongoni. Kila mwaka kabla ya mvua ulikuwa ukiuzibua kwa jembe, peke yako. Mzee jirani alikuwa akipita na ng'ombe wake anakutania kwamba unawachimbia nyoka makaburi. Ulimjibu, "Subiri mvua, utaniomba tuzike wote."

Wachimbaji walipookota jiwe lenye dhahabu kwenye shamba la juu, ulikuwa tayari unaumwa, umelala zaidi ya unavyokaa. Walikuja watatu kwa heshima, wakavua kofia. Nilikuwepo. Ulinyoosha mkono ukawaonyesha kutoka barazani: "Pembeni tu, karibu na njia. Pale katikati ni pa choroko." Wakasema sawa, Mzee. Nami naamini walimaanisha. Lakini mwamba wa dhahabu hauangalii pembeni wala katikati, na wao hufuata mwamba. Tulipomaliza matanga yako, walikuwa wamefika katikati. Leo shamba la juu lote ni mashimo, wao wanayaita maduara, yenye maturubai juu na vilima vya kifusi ubavuni. Siwezi kumlaumu mtu. Nikianza kulaumu nafika kwako, na kwako siwezi.

Kwa hiyo Mama amebakiwa na mbuga peke yake.

Desemba nilichukua likizo nikaenda nyumbani. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha kidogo, vumbi limetulia, majirani wanapanda. Mama alikuwa amesimama mpakani mwa shamba la chini, jembe begani.

"Kabula," akaniuliza, "huku chini nipande nini, na mvua ndiyo kwanza inaanza?"

Nilipaswa kusema, subiri. Nilijua sheria yako. Lakini kusubiri maana yake ni kukaa mpaka Machi mikono mitupu, na Mama si mtu wa kukaa. Tena nilikuwa na mbegu mpya za choroko kwenye begi, zinazowahi kukomaa, nilizokuja nazo kutoka Shinyanga kwa majivuno kabisa. Nikamwambia, "Panda choroko, Mama. Hizi zitakuwa zimekomaa kabla ya mvua kubwa, na maji yakija mfereji wa Baba utayapokea."

Akanitazama. "Baba yako hakuwahi."

"Baba alikuwa na shamba la juu," nikamjibu. Lilitoka kali kuliko nilivyotaka. Alijifunga kanga kiunoni, tukapanda siku mbili.

Sikupanda juu kuangalia mfereji, Baba. Mtu niliyesomea kazi hiyo, ambaye kila kijiji ninachokwenda huanza kwa kuuliza maji yanapita wapi. Sikutaka kuona yale mashimo. Nilipita njia ya nyuma kila siku ili nisiyaone, na kichwani mwangu mfereji ulikuwa bado unafanya kazi kwa sababu wewe ndiye uliyeuchimba.

Siku ya tatu mvua ikashuka alasiri, ikaendelea kwa kupokezana na jua kwa siku tatu. Asubuhi ya nne tulitoka tukakuta shamba zima limekuwa bwawa. Maji yametulia, hayaendi popote, vyura wameshapata makazi. Tukaingia mpaka katikati, Mama mbele, mimi nyuma na buti zangu za kazi. Nikaingiza mkono kwenye tope nikafuata mstari. Nilizitoa mbegu tano, sita. Zimevimba, zinateleza, ngozi imejiachia. Nikiiminya moja ndani inatoka uji wenye harufu ya uchachu. Nikafukua mstari mwingine. Hali ni ile ile. Kule zilikokuwa zimeanza kutoa mzizi, mzizi umekuwa kahawia na laini kama uzi uliolowa.

Mama akaniuliza, na hakuwa ananikejeli, alikuwa ananiuliza kama unavyomuuliza muuguzi: "Dawa yake unayo?"

"Haina dawa, Mama. Dawa ni maji yaondoke."

"Basi tuyaondoe."

Ndipo tukapanda juu. Mfereji wako haukuonekana, Baba. Ulikuwa umelala chini ya kifusi mwanzo hadi mwisho, na maji yaliyopaswa kwenda korongoni yalikuwa yakipita juu yake na kuingia moja kwa moja shambani. Msimamizi wa duara, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alimwamkia Mama kabla hatujafungua mdomo. Mama akamwonyesha kwa mpini wa jembe mahali ulipokuwa. Kijana akasikitika kweli.

"Mama, tusamehe. Hatukujua ni mfereji. Tulidhani ni kishimo tu."

Akawaita wenzake wanne wakaja na sululu na makoleo, wakafukua mpaka jioni bila kudai chochote. Maji yalipoanza kwenda korongoni tulisimama kuyasikiliza. Mama aliwashukuru, wabeja, wabeja sana, akawachemshia viazi. Keshokutwa yake ikanyesha tena usiku kucha, na kifusi chote kikaporomoka kikarudi palepale. Safari hii kijana alikuja mwenyewe nyumbani kutuambia. Alisimama uani ameshika kofia, tope mpaka magotini.

"Mama, tumejaribu. Kifusi hakina pa kwenda. Tukikisogeza huku, kinashuka kule."

Ningependa angekuwa mtu mbaya. Ningepata wa kugombana naye.

Habari zilienea kwamba bwana shamba yupo nyumbani, na majirani wakaanza kuja, kwa sababu kunde na karanga zao za bondeni nazo zilikuwa zimelala majini. Nikawaeleza pale barazani kwako, kwenye kigoda chako. Nikawaambia wainue matuta wapande juu ya tuta, mbegu ikae juu ya maji. Nikawaambia wasipande mbuga mapema. Nikawaambia mifereji wachimbe kwa pamoja, si kila mtu na wake. Waliitikia kwa vichwa. Mama Shija, yule jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo yote ni mazuri, lakini ni ya mwakani. Mwaka huu tufanye nini?"

Nikatazama buti zangu.

"Na wewe ndiye Kabula," akaongeza, "mtoto wa mvua. Hebu iambie mvua yako iache." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na Mama akaingia ndani.

Sasa nimefika, Baba.

Baada ya wiki hivi maji yalinywea. Juu ya udongo kukawa na ukoko mkavu, umepasuka, ukiutazama kwa mbali unasema shamba limepona. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeingia peke yangu, nikachimba kwa kisu kina cha kiganja, nikaona shimo linajaa maji polepole kutoka chini. Nilijua chini bado hakuna hewa. Nilijua kitakachowekwa pale kitakufa. Nikarudi kupika.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali, mlango wazi, nilipomwona Mama anaburuta kile kiti kifupi mpaka chini ya dari ya ghala. Akapanda kwa shida, unajua goti lake, akaishusha ile chupa yako ya kioo, yenye choroko ulizozichanganya na majivu na kuziba kifuniko kwa nta. Zile ndogo ndogo zisizong'aa, alizokupa mama yako ulipojenga mji wako, ambazo kila mwaka ulibakiza za mwaka unaofuata hata kama nyumbani hakuna mboga. Zile zilizokuwa zikiiva upesi na kunukia kuliko hizi zangu za ofisini. Aliifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaificha chini ya kanga, akapita nyuma ya nyumba ili nisimwone, akaelekea shambani na jembe.

Nilikuwa na muda, Baba. Kutoka jikoni mpaka shambani si hatua mia mbili, na Mama anatembea polepole. Ningeweza kumwita. Ningeweza hata kusema, Mama, bakiza kiganja kimoja tu. Sikusema. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu nililo nalo si zuri. Kama ningemzuia angeniuliza, "Basi tufanye nini?" na mimi nilikuwa nimechoka kusema sijui. Kwa hiyo niliendelea kusonga ugali. Niliusonga mpaka ukaungua.

Jioni akaniambia kwamba amepata mbegu kidogo kwa Mama Shija. Nikasema, vizuri.

Zilizikwa zote. Ningejua la kusema kama zisingeota kabisa, lakini baadhi ziliota. Siku ya sita Mama alikuja mbio, yule wa goti bovu, ananiita kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu ukiwa hai. Nikaenda. Kweli, mistari ilikuwa na mapengo makubwa, huku mche mmoja, kule mitatu, lakini ilikuwepo, imeinama shingo kama choroko zinavyofanya zikitoka. Mama aliimba wimbo wa kupalilia akitembea kati ya mistari. Alijua anaimbia mbegu za nani. Mimi nilijifanya sijui.

Halafu mvua ikarudi. Haikuwa kubwa, ilitosha tu kuuweka udongo vile vile ulivyokuwa. Majani ya kwanza yakatoka membamba, yakapauka, yakawa njano. Nikang'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa mfupi kama ukucha wangu, kahawia, ncha imeoza, na vile vifundo ulivyokuwa ukiviita mayai ya choroko havikuwepo hata kimoja. Mche usio na hewa mizizini hauwezi kujitengenezea chakula. Unakula kile ilichokuja nacho mbegu, kikiisha unasimama, kisha unalala. Nilijua kila hatua kabla haijafika. Ndiyo elimu uliyonipeleka kuitafuta: niliweza kumwambia Mama mche upi utakufa kesho na upi keshokutwa.

Tulijaribu, usidhani tulikaa. Tuliinua udongo kwa mikono kuzunguka ile iliyobaki, mche mmoja mmoja, Mama amekaa chini kwenye tope kwa sababu kupiga magoti hawezi. Tulichimba vijitaro vya kidole kimoja. Maji yalijaa humo yakasimama, kwa sababu hapakuwa na chini zaidi ya pale pa kuyapeleka. Siku niliyofunga begi kurudi kazini nilihesabu miche kumi na mmoja iliyobaki. Mama alinisindikiza mpaka njiani, mikono imekauka tope, akasema nisiwe na wasiwasi, zitajikaza. Mwezi wa pili aliniambia kwenye simu kwamba hakuna iliyotoa ua.

Kwa hiyo mbegu yako imekwisha, Baba. Nimeulizia sokoni Masumbwe, nimewauliza wakulima wa vijiji vyote ninavyozungukia huku Shinyanga. Wananionyesha choroko zao, nyingine zinafanana kidogo, naziuma, si zenyewe.

Na Mama hajaniambia. Wiki iliyopita tulipokuwa tukizungumza alisema, "Zile mbegu za Mama Shija zilikuwa dhaifu tu." Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Zilikuwa dhaifu." Nasikia aibu kukuandikia hivyo, kwa sababu ni mbegu zako tulizozisingizia, na hazikuwa dhaifu. Zile chache zilizofanikiwa kutoka kwenye tope lile zilikuwa na nguvu kuliko chochote nilichowahi kukiona kazini.

Leo asubuhi amenipigia tena. Wachimbaji wamehama, wamesikia habari njema upande wa Geita, wameng'oa maturubai wakaondoka. Yule kijana mrefu alipita kumuaga. Maduara yamejaa maji mpaka midomoni na kifusi kiko palepale. Sasa ni Machi, wakati wako wa dengu, wakati mvua zilikuwa zikiaga. Mwaka huu haziagi. Mama akaniuliza, "Kabula, dengu nipande lini?"

Nilikuwa na kalenda mezani. Nilikuwa na kitabu cha mazao, na utabiri wa hali ya hewa uliotumwa ofisini juzi. Nilivitazama vyote.

"Sijui, Mama," nikasema.

Nikasikia anavuta pumzi, na mvua ya kwake nyuma ya sauti yake.

"Haya," akasema. "Na mimi sijui. Basi tumekuwa wawili." Akaniuliza kama nimekula.

Sikuombi ushauri, maana ningeupata wapi. Sikuombi hata msamaha, kwa sababu najua ungenipa upesi mno, na usingenisaidia. Nilitaka tu ujue kilichotokea kwenye shamba lako, ukisikie kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Lala, Baba. Mimi naishia hapa. Kuna mzee ameingia mlangoni, ameloa mpaka mifupani, ameshika mche wa njano kwenye karatasi ya nailoni, na wenzangu wamemwelekeza kwangu.

Binti yako mkubwa,
Kabula